Kiti cha Sheldon: Mwenye Usonji katika Vichekesho vya Televisheni

Wahakiki wetu, wakipewa kazi ya kuchekesha, hupenda kuuliza kama kazi hiyo imefundisha. Swali ni halali. Lakini mara nyingi linaliruka swali ambalo lilipaswa kutangulia: tunapocheka, tunamcheka nani, na sisi wenyewe tumekalishwa wapi? Msanii wa kichekesho humpa mtazamaji kiti. Anaweza kumkalisha juu ya mhusika, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeteleza kwenye matope. Anaweza kumkalisha pembeni yake. Na mara chache sana anaweza kumkalisha ndani ya kichwa cha mhusika, akaiona dunia nzima ndiyo inayoteleza. Makala hii inakusudia kuifuata historia ya kiti hicho katika vichekesho vya mfululizo vya televisheni, hasa vya Marekani, kwa kumchunguza mhusika wa aina moja tu, yaani mwenye usonji.

Sababu ya kuchagua mada hii si ya kitaaluma peke yake, na afadhali niiseme mapema. Mwaka wa kwanza hapa chuoni tulikuwa tunatazama The Big Bang Theory bwenini kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja, sehemu nane au tisa kwa usiku, zimekopiwa kwenye flashi katika kibanda cha jamaa anayeuza nyimbo na filamu. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Siku moja mwenzetu akaniambia, wala hakuwa na nia mbaya: "Si ulisema mdogo wako ana usonji? Basi ndiye huyu Sheldon." Nikasema ndiyo, nikaendelea kucheka. Nilipolala ndipo nikajiuliza, hivi nimekubali nini? Mdogo wangu ana miaka 14. Anaongea maneno machache, anazungusha vifuniko vya sufuria sakafuni kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu mwingine, na honi ya bodaboda inamuumiza kama kofi. Fizikia hajui. Wala hana haja nayo.

Neno moja kuhusu jina, maana jina ndilo litakalotusumbua njia nzima. Sisi Tanzania tunasema usonji. Wenzetu wa Kenya hupenda kusema tawahudi, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kuwa peke yako. Leo Kanner, daktari aliyekuwa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza, naye alitumia neno lililojengwa juu ya Kigiriki chenye maana ya "nafsi". Mwaka uliofuata Hans Asperger aliandika huko Vienna juu ya watoto waliofanana nao kiasi, ila wenye maneno mengi. Jina lake likaja kuenea baada ya Lorna Wing wa Uingereza kulitumia mwaka 1981. Mwaka 1994 jina la Asperger liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na mwaka 2013 likaondolewa, hali zote zikawekwa katika wigo mmoja wa usonji. Msomaji aishike miaka hiyo miwili. Vichekesho viwili tutakavyokaa navyo zaidi vilizaliwa katikati yake.

Sasa tuje kwenye kicheko chenyewe. Henri Bergson, mwanafalsafa wa Kifaransa, alitoa kitabu juu ya kicheko mwaka 1900. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba tunacheka tunapomwona binadamu aliye hai akitenda kama mashine: anarudiarudia, hapindi, anafuata kanuni yake hata pale mazingira yalipobadilika. Na kwake yeye kicheko si burudani tu, ni adhabu. Jamii inamchapa mtu mgumu ili alainike. Tena anasema ili mtu acheke ni lazima moyo wake ufe ganzi kidogo. Hebu msomaji arudie maelezo hayo huku akimfikiria mtoto anayetaka sahani ileile, njia ileile, kiti kilekile. Bergson amemweleza mwenye usonji miaka 43 kabla ya Kanner, na kwa pigo hilohilo amemhukumu. Na sisi tusijifanye wageni katika jambo hili. Ni vichekesho vingapi vya kwetu ambavyo kigugumizi peke yake ndicho hadithi nzima?

Kwa hiyo nafasi ya mtu huyu katika kichekesho ilikuwepo kabla hajapewa jina. Kwenye televisheni ya Marekani nafasi hiyo alitangulia kuikalia mgeni kutoka sayari nyingine. Katika Mork & Mindy (1978 hadi 1982) Robin Williams anaigiza kiumbe kutoka sayari ya Ork aliyetua Boulder, Colorado. Mork huchukua maneno kwa maana yake ya juujuu, hukaa kwenye kiti kichwa chini, wala hajui ni wakati gani watu wanatania. 3rd Rock from the Sun (1996 hadi 2001) ikairudia mbinu hiyo kwa familia nzima. Sidai kwamba Mork ana usonji. Hilo lingekuwa dai la kitoto. Ninachosema ni kwamba vichekesho hivi viliandaa umbo, na umbo hilo lilikuwa na fadhila moja iliyokuja kupotea. Mwisho wa kila sehemu Mork humtolea ripoti mkubwa wake, Orson, juu ya maajabu aliyoyaona duniani. Yaani alipewa dakika zake za kutushangaa sisi.

Halafu ikaja Rain Man, Desemba 1988. Hii si kichekesho cha televisheni, ni filamu ya sinema, lakini bila hiyo yanayofuata hayaeleweki. Mwaka 1989 ilitwaa Oscar ya filamu bora, na Dustin Hoffman akapata ya mwigizaji bora kwa kumwigiza Raymond Babbitt. Jina la usonji lilitamkwa waziwazi, na kwa watu wengi sana hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia. Lakini jina lilikuja na mzigo. Raymond anatupia jicho vijiti vya meno vilivyomwagika sakafuni na kutaja idadi yake, 246. Cha ajabu ni kwamba Kim Peek, mtu aliyemtia mtunzi Barry Morrow wazo la hadithi hiyo, kumbe hakuwa na usonji. Haikusaidia. Kuanzia hapo mwenye usonji akawa anadaiwa kipaji, kama mtu anayedaiwa kodi ya kichwa ndipo aruhusiwe kupita. Mimi nina shangazi ambaye, siku ya kwanza kuambiwa habari za mdogo wangu, aliuliza papo hapo: "Kwa hiyo anajua sana hesabu?" Shangazi hajaiona Rain Man, na sidhani kama ataiona. Lakini filamu ikiwa na nguvu humfikia hata asiyeitazama.

Kodi hiyo Sheldon Cooper aliilipa yote, tena na riba. The Big Bang Theory ilianza kituo cha CBS tarehe 24 Septemba 2007, na hadi inafungwa tarehe 16 Mei 2019 ilikuwa imefika sehemu 279. Jim Parsons alipata tuzo nne za Emmy kwa nafasi hii. Sheldon ni mwanafizikia anayeishi Pasadena, na tangu sehemu ya kwanza kabisa ana mahali pake kwenye kochi. Tena anatoa sababu. Majira ya baridi pako karibu na joto lakini si karibu kiasi cha kumtoa jasho. Majira ya joto panapitiwa na upepo wa madirisha. Na televisheni pale haionekani uso kwa uso wala kwa upande mno. Ukizisoma sababu hizo kwenye karatasi, ni za mtu aliyefikiri vizuri juu ya mahali pa kukaa. Babu yangu alikuwa na kiti chake barazani, na ole wake mjukuu aliyekikalia. Hakuna aliyecheka, tuliita heshima. Kinachofanya kiti cha Sheldon kiwe kichekesho ni kicheko chenyewe, kile kinachosikika kutoka kwa watu waliokaa studio. Hao ndio wanaotuonyesha pa kukaa: juu.

Niligundua nguvu ya kicheko hicho kwa bahati tu. Wakati wa likizo nilikwenda nyumbani na ile flashi. Mdogo wangu hawezi kuvumilia sauti za ghafla za watu wengi, na vicheko vya studio vikawa vinamfanya azibe masikio. Basi nikazima sauti kabisa, nikawa nasoma maandishi ya chini ya picha. Jamani, msomaji ajaribu. Kinachobaki ni watu wanaosema sentensi moja kisha wanasimama kimya, wanatazamana, wanasema nyingine, wanasimama tena. Waigizaji wanawapa watu wa studio nafasi ya kumaliza kucheka, lakini sasa hakuna anayecheka. Na katika ukimya ule Sheldon haonekani mgumu kuliko wenzake. Wote wanaonekana mashine. Mdogo wangu alitazama kwa muda, halafu akaniuliza, "Wanasubiri nini?" Huyu ni mtu ambaye siku nyingine hamalizi maneno matano.

Je, Sheldon ana usonji? Kipindi hakisemi. Bill Prady, aliyekitunga pamoja na Chuck Lorre, alieleza mwaka 2009 kwamba hawakumwandika hivyo, na kwamba kumpa jina la Asperger kungewatwika mzigo wa kupatia kila kipengele. Ndani ya kipindi chenyewe jambo hili ni utani wa kudumu: Sheldon husema yeye si kichaa, mama yake alishampeleka kupimwa. Kwa mtazamo wangu kauli ya Prady ni ya kweli, tena ni ya kweli kuliko alivyokusudia. Jina lingeleta wajibu. Mtu aliyetajwa ana ndugu, ana wazazi, ana watu wanaoweza kuandika barua ya kulalamika. Asiyetajwa ni wa kila mtu. Ungeweza kuchukua kila alama ya hali hiyo, ukaziuza kwa miaka 12, na ukiulizwa unajibu kwamba huyu ni mtu wa ajabu tu, kila mtaa unaye. Na hapo ndipo ganzi ya Bergson inapoingia kazini, kwa sababu jina likikosekana moyo hauna cha kushikia.

Hata hivyo ningekuwa mhakiki mbaya kama nisingekiri kwamba watunzi hawa walikuwa na ujuzi, na kwamba mara kadhaa ujuzi uliwashinda nguvu. Mapema katika msimu wa kwanza Leonard, anayeishi na Sheldon, anachoka kuona kejeli zake haziingii. Anauliza kama itabidi anyanyue bango la kejeli kila anapofungua mdomo. Sheldon, kwa uso mkavu kabisa, anauliza: kumbe una bango la kejeli? Watu wakacheka. Lakini tuutazame utani huu upande wa pili. Anayesema kinyume cha anachomaanisha ni Leonard. Anayeuliza kwa nini asipewe alama ni Sheldon. Lugha za maandishi zina alama ya kuuliza na ya kushangaa. Mtu akitaka alama ya kejeli ametenda kosa gani? Au sehemu ile ya Krismasi ya mwaka 2008. Sheldon hapendi zawadi kwa sababu zawadi ni deni, hivyo ananunua vikapu vya bei mbalimbali ili atoe kile kitakacholingana na alichopewa. Penny, jirani yao, anampa kitambaa cha kufutia mdomo alichokitia saini Leonard Nimoy. Sheldon analeta vikapu vyote, anaona bado havitoshi, na kwa shida kubwa anamkumbatia. Kwa dakika moja mtazamaji ameshushwa kutoka kwenye kiti cha juu. Nakiri macho yalinilenga.

Kinyume chake ni habari ya mlango. Wote tunamjua Sheldon anavyobisha mara tatu na kutaja jina mara tatu. Katika msimu wa kumi, mwaka 2016, anamweleza Penny sababu: alipokuwa na miaka 13 alifungua mlango nyumbani akamkuta baba yake na mwanamke mwingine. Wenzangu bwenini waliisifu sana sehemu ile, eti imempa mhusika undani. Mimi iliniudhi. Kwa miaka tisa tumecheka desturi, na sasa tunaambiwa desturi ilikuwa kidonda, basi tuihurumie. Kwa nini lazima iwe na msiba nyuma yake? Mdogo wangu hugusa kizingiti kabla ya kuingia ndani. Hakuna aliyemfanyia jambo. Anapenda kugusa kizingiti. Kipindi kilijua njia mbili tu za kuitazama tabia ya namna hiyo, kuicheka au kuiombea radhi, na njia ya tatu ya kuiacha iwepo haikuonekana. Kwa lugha ya darasani, Sheldon alianza mhusika bapa na akaishia karibu na duara. Anaoa, anapata tuzo ya Nobel, na katika sehemu ya mwisho anaitumia hotuba yake ya tuzo kuwashukuru rafiki zake. Ni kweli amekua. Kiti cha mtazamaji, kwa sehemu kubwa, kilibaki palepale.

Miaka miwili baada ya Sheldon akaja Abed Nadir. Community, ya Dan Harmon, ilianza NBC tarehe 17 Septemba 2009 na kwisha mwaka 2015 ikiwa na sehemu 110. Inahusu kikundi cha wanafunzi wa chuo kimoja cha kawaida mno, na Abed, anayeigizwa na Danny Pudi, ni mmoja wao: kijana wa baba Mpalestina na mama mwenye asili ya Poland, anayeielewa dunia kupitia filamu na televisheni alizozitazama. Community haina kicheko cha studio, na tofauti hiyo si ndogo, kwani hakuna anayekuambia ucheke sasa.

Hapa jina linatamkwa, tena katika sehemu ya kwanza. Lakini linatamkwaje? Jeff, mwanasheria mjanja, amekasirika, na katika kuwatukana wenzake anamwambia Abed kwamba ana Asperger. Abed haelewi ni nini. Wengine wanalichezea jina lenyewe, maana kwa Kiingereza linafanana na tusi la watoto wa shule. Baada ya hapo kipindi hakirudi kulithibitisha jina hilo. Nimelifikiria sana tukio hili na kila mara naona ni sahihi kwa namna yake chungu. Watu wengi wenye usonji hulisikia jina lao kwanza kama tusi. Kwetu, kabla daktari hajasema usonji, mtaa ulishasema mengi: zezeta, punguani, ana upepo. Tofauti ya Harmon na Prady ni kwamba Harmon alimwonyesha anayelirusha jina kuwa na hali mbaya kuliko anayerushiwa.

Kisha wiki chache baadaye, Oktoba 2009, ikaja sehemu ambayo kwangu ni bora kuliko zote nitakazozitaja. Baba yake Abed ana mgahawa wa falafeli na anataka mwanawe aurithi; Abed anataka kusomea filamu. Anapewa hela ya darasa, anaanza kuwapiga picha Jeff na Britta bila kuwaeleza lengo, anawachokoza mpaka wanagombana mbele ya kamera. Wanamwona hana hisia. Mwishoni filamu inaonyeshwa: Jeff na Britta wamegeuzwa baba na mama, na kati yao kuna mtoto ambaye mama anaondoka kwa sababu yake na baba anamlaumu. Mzee anatazama, anatokwa machozi, anakubali kulipia darasa. Mtoto alikuwa anajua siku zote. Hakuweza kulisema kwa njia wanayoitumia wengine, akalisema kwa njia yake. Nikiwa mtu wa fasihi siwezi kukwepa kuona kwamba hii ni hoja juu ya sanaa yenyewe, kwamba mtu anaweza kukosa mazungumzo ya mezani na bado akawa na mtindo.

Desemba 2010 Harmon akasogea mbele zaidi. Sehemu nzima ya Krismasi ilitengenezwa kwa vikaragosi vinavyosogezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa hivyo ndivyo Abed anavyowaona watu siku hiyo. Wenzake wanadhani amerukwa na akili. Tunakuja kujua kwamba mama yake amemwandikia kuwa mwaka huu haji. Mtazamaji hapa amekalishwa ndani. Haonyeshwi Abed anayeona mambo ya ajabu, anaona mambo hayo mwenyewe, na wenzake hawana njia ila kuingia humo ili wamfikie. Mwaka uliofuata Harmon alieleza katika mahojiano na jarida la Wired kwamba alipokuwa anasoma juu ya Asperger kwa ajili ya kumwandika Abed, alianza kujiona yeye mwenyewe katika dalili zile. Basi! Hiyo ndiyo siri ya kiti. Prady alimwandika mtu aliyewahi kufanya naye kazi, maana alikuwa akitunga programu za kompyuta na aliwakumbuka wenzake wa huko. Harmon alianza vilevile, akakuta amejiandika.

Atypical ya Netflix (2017 hadi 2021) sitaikawiza. Hapa jina liko juu kabisa: Sam ana miaka 18, ana usonji, anapenda pengwini, anatafuta mchumba. Keir Gilchrist, anayemwigiza, hana usonji, na baada ya msimu wa kwanza watu wenye usonji walilalamika sana kwamba wamezungumziwa bila kushirikishwa. Msimu wa pili waliongezwa waigizaji wenye usonji katika kikundi anachohudhuria Sam. Malalamiko yalikuwa ya haki. Msimu wa kwanza unanuka kitabu cha mwongozo: kila tabia inatokea, inaelezwa, inapita. Utani wake una woga, kama mgeni anayeogopa kukanyaga mkeka. Ila nina deni kwa Casey, dada yake Sam, ambaye anampenda, anamchoka, anamtetea, halafu yeye mwenyewe anamcheka. Sijaona mahali pengine palipoandikwa vizuri hivyo jinsi ndugu anavyojipa ruhusa ambayo hampi mtu wa nje. Je, ruhusa hiyo ni halali? Sijui. Mimi naitumia kila siku.

Januari 2020 kituo cha Freeform kilianza kuonyesha Everything's Gonna Be Okay, kazi ya Josh Thomas wa Australia. Baba anafariki, kaka mkubwa Nicholas anabaki kuwalea dada zake wawili, mmoja wao Matilda, mwenye usonji. Anaigizwa na Kayla Cromer, ambaye naye ana usonji. Na mara moja mambo yanayoruhusiwa kuchekesha yanabadilika. Matilda anakunywa pombe, analala na kijana, na familia inahaha kujua kama aliweza kukubali au hakuweza. Yeye ndiye aliyetulia. Kicheko kinatoka katika wao kuhaha. Thomas mwenyewe aligundulika kuwa na usonji wakati kazi inaendelea, na katika msimu wa pili, mwaka 2021, akampa Nicholas ugunduzi huohuo. Ni kama historia ya Harmon imerudiwa, ila safari hii jina linatamkwa bila kutupwa.

Na mwaka 2024 BBC ikatoa Dinosaur, ya Glasgow, aliyoitunga Ashley Storrie na Matilda Curtis. Storrie, mchekeshaji mwenye usonji, anaigiza Nina, mtaalamu wa visukuku vya dinosaria, ambaye dada yake anatangaza kuolewa na mwanamume aliyemjua kwa wiki sita. Nina anahamaki. Bergson angetazama hapa angechanganyikiwa, kwani mgumu ni Nina, lakini mwenye busara ni nani? Wiki sita! Mpe hadithi hii mama yeyote wa Kariakoo, atasimama upande wa Nina bila kuuliza ana hali gani. Kichekesho kimekigeuza kiti. Tunacheka pamoja na anayeshangaa, kama Mork na ripoti yake, ila safari hii anayeshangaa si mgeni wa sayari nyingine, ni mwenyeji wa Glasgow mwenye lafudhi yake. Na kodi ya kipaji? Nina anaijua kazi yake, kama mtu yeyote mwenye kazi. Hakuna vijiti vya meno vinavyomwagika.

Lipo jambo moja linalonisumbua hata katika kazi hizi nzuri. Sheldon, Abed, Sam, Matilda, Nina: wote wanaongea, na wengine wanaongea kuliko kila mtu chumbani. Naelewa kwamba kichekesho cha televisheni kinaishi kwa mazungumzo, na asiyesema anaonekana kama hana cha kumchekesha mtu. Lakini hoja hiyo imekwisha kukanushwa. Speechless ya ABC (2016 hadi 2019) ilimweka mbele JJ, kijana asiyeongea, mwenye ulemavu wa mtindio wa ubongo, aliyeigizwa na Micah Fowler mwenye ulemavu huohuo. JJ anaelekeza mwanga kwenye ubao wa herufi na maneno, msaidizi wake anasoma kwa sauti, na kijana yule ni mkorofi, mwongo kidogo, mchekeshaji hasa. Si usonji, lakini njia imeonyeshwa, na ilidumu misimu mitatu.

Mdogo wangu ana utani wake. Ukiwa umezama kwenye kitabu anakuja taratibu nyuma yako, anakuvika kifuniko cha sufuria kichwani, na anakimbia uani. Anaanza kucheka akiwa bado njiani kuja, kwa hiyo unamsikia, na inabidi ujifanye hujasikia ili utani usiharibike. Mama amejifunza kujifanya. Babu kabla hajafariki alijifunza, ingawa kifuniko kiliwahi kuwa cha moto. Hakuna neno linalosemwa mwanzo hadi mwisho. Tukio la namna hiyo bado sijaliona katika kichekesho chochote nilichokitaja hapa.